Salo ya Mama Isiyo na Viti

Kazi yangu ni kutoa vitu ndani ya nyumba za watu. Naingia kwa madamu fulani wa Kinindo, naangalia makochi yake, makabati yake, maua yake ya plastiki na tembo wake watatu wa mbao waliopangwa kwa urefu, halafu nasema: hiki kitoke, hiki kitoke, na hiki nacho. Nawaambia kwamba jicho linachoka kama mguu, linataka mahali pa kupumzika, na kwamba ukuta mtupu si ukuta uliosahauliwa. Nimeyasema maneno haya mara nyingi mpaka yananikera mdomoni. Mama yangu alikuwa na ulimi mkali. Alipoulizwa binti yake anafanya kazi gani mjini, alijibu: "Anafanya kazi ya mwizi. Tofauti ni moja, yeye anapiga hodi."

Watu walicheka, na mimi nilicheka nao. Siku hizi sicheki.

Nyumba yetu iko Buyenzi, moja ya zile za zamani zenye kuta nene na mlango unaotazama barabara. Ubavuni kuna geti la bati la kuingilia uani, kwenye jiko na vyumba vya kulala. Mlango wa mbele ni wa wageni, na ukiupita tu umeshafika salo, yaani chumba cha kupokelea watu. Baba alikuwa seremala, na salo ile aliijaza kwa mikono yake mwenyewe: foteyi sita, yaani viti vya kuegemea, za mbao nyekundu ya Kongo, meza ya katikati, meza ndogo nne za kuwekea chai, na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo sijawahi kumwona mtu akivinywea. Kila foteyi ilivaa kitambaa cheupe alichofuma mama. Kitambaa kikipinda, mama alikinyoosha hata kama mgeni ameshaegemea.

Foteyi ya saba ilikuwa ya baba peke yake, pale dirishani. Ilikuwa pana kuliko nyingine, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelika kidogo, mahali ambapo kidole gumba chake kilisugua kila jioni alipokuwa akisikiliza redio. Alipofariki, mama hakumruhusu mtu kuikalia. Mgeni akiielekea, mama alikohoa, na mgeni akaelewa.

Mimi niliichukia salo ile, sitaficha. Ilibidi utembee kwa ubavu, na bado goti lingepiga kona ya meza. Nilienda Kampala kusoma mapambo ya nyumba, miaka miwili, nikarudi kichwa kimenivimba. Kule mwalimu mmoja alitufundisha kuchora chumba kwa kuchora kile kisichokuwemo: nafasi kati ya kiti na ukuta, nafasi chini ya meza, hewa. Darasa zima liliinama kuchora. Mimi nilikuwa naifikiria salo ya mama, na niliona haya, wallahi, haya ya kweli, kana kwamba wenzangu wote wanaiona kupitia mgongoni kwangu.

Niliporudi nilipanga chumba kimoja Kamenge, kitanda kimekula nafasi yote. Vikazi vilikuja, vidogo vidogo, vya kuhamisha makochi na kubadilisha rido, mapazia ya madirishani. Halafu akatokea madamu mmoja wa Rohero, mjane mwenye nyumba kubwa aliyotaka kuifanya upya kuanzia mlangoni mpaka jikoni. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Aliisukuma simu yangu kwa kidole kimoja.

"Picha kila mutu anazo," alisema. "Nionyeshe nyumba moja we mwenyewe ulifanya. Niingie, nione kwa macho."

Sikuwa na nyumba ya kumwonyesha. Nilimwambia ninayo.

Wiki hiyohiyo maji ya mto Rusizi yaliingia tena Gatumba, yakaingia mpaka ndani kwa mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliyekuwa akiishi kule peke yake. Mama alijifunga kitenge, akabeba mchele, sabuni na blanketi mbili, akaenda kumsaidia. Ufunguo wa mlango wa mbele aliniachia mimi. "Fungua madirisha asubuhi, hewa iingie," aliniambia. "Na ufute vumbi kwenye kiti ya baba yako."

Nilijiambia kwamba nitamfanyia mama zawadi. Atarudi amechoka na matope, afungue mlango, akute chumba kimepumua, afurahi. Uongo mtupu. Ingekuwa zawadi ningempigia simu kumwuliza anataka rangi gani. Sikumpigia kwa sababu nilijua atakataa, na nilimtaka yule madamu wa Rohero kuliko nilivyotaka chochote maishani mwangu.

Siku tatu nilijifungia mle ndani. Nilisukuma vitu vyote katikati nikavifunika kwa mashuka, nikakwangua kuta kwa msasa, nikapaka rangi nyeupe mara mbili. Vumbi la chokaa liliniingia machoni mpaka yakawa mekundu kama ya mlevi. Siku ya nne asubuhi nilimwita fundi mmoja wa Kinama, ambaye huchukua vitu vizee ninavyovitoa kwa wateja. Alikuja na pikapu na wapagazi wawili. Walitoa kabati, wakatoa meza, wakatoa foteyi moja moja, wakazipanga barabarani mbele ya mlango zikisubiri kupakiwa.

Foteyi ya baba nilitaka kuibakiza. Naapa nilitaka. Niliiacha peke yake pale dirishani, nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikafumba jicho moja kama tulivyofundishwa. Ilikuwa nene mno. Ilikuwa inakula mwanga wote, na jicho haliendi kwingine. Mpagazi alisimama ananingoja, jasho linamtoka.

"Na hicho nacho," nikasema.

Jirani wa ng'ambo ya barabara, rafiki wa mama tangu usichana wao, alikuwa barazani kwake anapepeta mchele. Aliona foteyi zinatoka, ungo ukasimama mikononi. Alipoiona ile ya baba inavuka kizingiti, aliuweka ungo chini akavuka barabara.

"Mutoto yangu, kuna nini? Mama yako uko namna gani kule kwenye maji?"

Nilikuwa na haraka. Madamu alikuwa amenipa saa moja tu ya muda wake, na teksi ilikuwa inanisubiri kona. Nilifuta macho yangu yenye vumbi kwa mkono wa gauni. "Mama mkubwa, nitakuja kukueleza," nilimjibu. "Sasa hivi siwezi kuongea."

Akaweka mkono kifuani. Mimi sikuliona hilo, au niliona nikapita.

Kabla ya kutoka niliitazama salo kwa mara ya mwisho. Loo, ilikuwa nzuri! Sitajifanya kwamba haikuwa nzuri. Kuta nyeupe, sakafu nyekundu ya saruji ambayo mama aliipiga nta miaka yote chini ya yale mazagazaga, mwanga umelala sakafuni wote bila kukatwa na kitu. Nilifungua sanduku la mama nikatoa mkeka wake mkubwa, ule mzuri, nikautandaza katikati peke yake. Basi. Niliacha mlango wazi, harufu ya rangi itoke, nikaenda Rohero.

Nimezaliwa Buyenzi. Nimekulia pale. Najua, kama ninavyojua jina langu, kwamba mtu akifariki kitu cha kwanza watu wanachokiona barabarani ni viti vyake. Vyombo vyote hutolewa salo, mkeka unatandazwa, wanawake wanakaa chini na wafiwa, wanaume wanakaa nje. Hakuna mtu wa Buyenzi anayetoa foteyi zake zote nje kwa sababu nyingine. Hata anayehama hutanguliza masufuria. Nilikaa kwenye sakafu ileile, kwenye mkeka uleule, siku alipofariki baba. Na bado nilisimama pale mlangoni, jicho moja limefumbwa, nikaona picha tu.

Tuliporudi na madamu teksi haikuweza kufika mlangoni. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi mpaka katikati ya barabara, kofia kichwani, wametulia. Moshi wa kuni ulikuwa unatoka uani. Mlangoni kulikuwa na viatu, ndala na viatu, rundo zima. Madamu aliniuliza kama kuna harusi. Mimi nilishashuka.

Salo ilikuwa imejaa wanawake, wamekaa kwenye mkeka wa mama na kwenye mikeka mingine waliyokuja nayo. Jirani wa ng'ambo aliinuka akanikumbatia, akanibana kifuani.

"Lia, mutoto yangu. Usijikaze."

"Mama?" nilimwuliza.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sisi wote ni wa Mungu."

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao, na wanawake wote wakaupokea, na wale waliokuwa bado na shaka wakaacha shaka zao. Nililia vibaya. Nilijigaragaza kwenye ile sakafu niliyoitengenezea picha. Kwa muda wa robo saa mimi nilikuwa yatima kamili, na katika robo saa ile, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza foteyi: kwamba nimeitoa, na hakuna tena mtu wa kukohoa. Madamu wa Rohero alivua viatu vyake vya kisigino, akapiga ishara ya msalaba, akakaa chini pembeni akikunja miguu kwa shida.

Nilipopata pumzi niliuliza nani aliyepiga simu kutoka Gatumba.

"Simu gani?" jirani akashangaa. "Tumepiga ya mama yako, haiingii, kule hakuna umeme wa kuchaji. Ni we njo ulituambia."

"Mimi?"

"We njo ulitoa viti."

Nilielewa yote kwa mpigo, na nilikuwa ndiyo nafungua mdomo niwaambie wakati kelele zilipoanza nje. Wanaume walikuwa wanasimama. Benchi moja lilianguka. Mtu alikuwa anasoma shahada kwa sauti kubwa.

Mama alisimama mlangoni na mfuko wa ndagala, dagaa wa ziwani, mkononi, matope mpaka magotini. Nyuma yake alikuwa mama mdogo na kifurushi kichwani.

"Ni nani alikufa mu nyumba yangu?" mama aliuliza.

Mwanamke mmoja alijificha nyuma ya rido ya mlango wa uani. Mwingine alianza kulia upya, kwa nguvu kuliko mwanzo. Jirani wa ng'ambo alienda akamgusa mama shavuni, kisha begani, kisha akamshika mikono yote miwili. "Yoo, Mana yanje, Mungu wangu! Ni wewe!"

"Ni mimi! Munanidhani nani?" Mama akaangua kicheko. Alicheka mpaka akaegemea mlango. "Mumenizika bila kuniosha? Haya, muniguse basi, mi mzima!"

Wote wakainuka kumkumbatia, wanacheka na kulia, na walipoinuka chumba kikabaki wazi mbele yake. Niliuona uso wake unavyobadilika. Aliangalia ukuta mmoja, akaangalia wa pili. Aliangalia dirishani, akakaa akipaangalia pale dirishani.

"Kiti ya baba yako iko wapi?"

Mimi nilikuwa bado nimekaa chini.

"Dada yangu maji ilimubebea vitu yote," mama alisema, polepole, kama mtu anayehesabu hatua. "Siku ine nilikuwa namwambia, usilie, vitu ni vitu. Njoo kwangu. Kwangu kuna viti, tutakaa. Sasa nimemuleta. Nitamukalisha wapi?"

Mama mdogo alikuwa bado amesimama kizingitini na kifurushi chake kichwani. Hakujua akiweke wapi.

Watu waliondoka wakiaga kwa aibu. Wali uliokuwa jikoni uliliwa, mtu hawezi kutupa chakula. Madamu wa Rohero alibaki nyuma kidogo, akavaa viatu vyake, na salo ilipokuwa tupu tena alizunguka katikati mara moja akatazama dari, kuta, sakafu. Akanishika mkono. "Voilà," alininong'oneza. "Njo hivi hasa nataka." Nikaipata kazi. Ndiyo, niliipata, na sikuikataa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Kinama mbio. Yule fundi alikuwa na oda ya vitanda na mafundi watano. Alinionyesha mbao zimepangwa ukutani kwa unene, misumari imeng'olewa, na alikuwa anafurahi kweli, maskini. "Mbao ya zamani hii imekauka, haipindi tena," aliniambia. "Nilianza na ile kubwa, njo ilikuwa na mbao ya mupana." Nilimpigia kelele. Alinitazama tu, na alikuwa na haki, kwa maana mimi ndiye niliyemwambia achukue. Kwenye rundo la vipande vya kuwashia moto niliuokota mkono wa kulia wa foteyi ya baba, ule uliolika.

Nilimpelekea mama. Aliupokea, akapitisha kidole gumba chake pale palipolika, akauchukua chumbani kwake akafunga mlango. Hakunitukana. Angenitukana ningepona.

Nilijaribu kurekebisha, msidhani sikujaribu. Nilileta viti vipya, mama alivizuia getini: "Peleka kwa madamu yako." Nilimtafuta mzee aliyejifunza useremala kwa baba, akanitengenezea foteyi ya mbao ileile, upana uleule. Mama aliizunguka, akaipiga kofi mgongoni kama ng'ombe wa sokoni. "Hii ni kiti," alisema. "Ile ilikuwa ya baba yako." Ikarudi ilikotoka. Mwishowe nilimpigia magoti, nikamwomba aniambie tu anataka nini, nitafanya lolote, ilimradi arudi kukaa kwenye salo yake.

"Iache vile iko," alinijibu. "Ulishatengeneza matanga yangu. Siku yake itafika."

Alifunga mlango wa mbele kwa ufunguo. Kuanzia siku ile wageni wote walipitia geti la bati. Yeye na mama mdogo walikaa uani kwenye vigoda viwili, karibu na jiko la makaa, wakichambua maharage na kuwasema watu. Mvua ikinyesha walihamia chini ya upenu. Salo ilikuwa hatua tatu kutoka pale, na mama hakukanyaga. Miaka mitatu! Kila Ijumaa nilipokuja kumsalimia nilifungua madirisha hewa iingie, nikafuta sakafu isiyo na kitu, nikafunga. Aliniona nikifanya hivyo. Alinipa chai, aliniuliza habari za kazi, alinitania kuhusu wizi wangu. Kwa hayo yote alikuwa mama yangu kama zamani. Salo tu ndiyo hakuirudia.

Kazi iliongezeka. Picha ya salo ile, niliyoipiga kabla ya kwenda Rohero siku ile, imetembea kwenye simu za watu mji mzima. Wateja wapya wanaiweka mbele yangu wanasema: hivi, nifanyie hivi hivi. Nawafanyia. Hakuna hata mmoja niliyemwambia kwamba anachokiona ni msiba.

Mama aliugua siku chache tu, akafariki asubuhi moja, mkono wake uko mkononi mwa mdogo wake. Wanawake walimwosha na kumkafini chumbani kwake. Wanaume wa msikitini walifika mlango wa mbele, mikono ya kanzu imekunjwa, tayari kutoa viti kama desturi. Jirani wa ng'ambo aliwafungulia. Walisimama mle ndani, mikono inaning'inia.

"Viti mulishatoa?" mmoja aliuliza.

"Vilitoka zamani," jirani alijibu. Alinitazama. Hapakuwa na ubaya machoni mwake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilitoa mkeka sandukuni nikautandaza. Wakamleta mama, wakamlaza katikati. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuingia salo yake tangu siku aliyorudi kutoka Gatumba, na aliingia kwa kubebwa.

Walipotoka kuandaa jeneza, mama mdogo alikuja na kitu kimefungwa katika kimoja cha vile vitambaa vya kufuma. Alikuwa amekikuta chini ya mto wa mama. Sikuhitaji kukifungua, nilikijua kwa uzito wake na kwa pale palipolika.

"We njo fundi wa kupanga nyumba," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya upole, anauliza kweli. "Hii tuiweke wapi?"

Niliangalia ukuta mmoja, nikaangalia wa pili. Niliangalia pale dirishani. Salo nzima ilikuwa tupu, na sikupata mahali.